Mdhamini wa Pili

Baba,

Ofisi ya mikopo bado inakuandikia. Bahasha ya juzi ilikuwa na majina yako yote matatu, na ndani wanakukumbusha kwa heshima kwamba ulidhamini mkopo wa binti yako na binti huyo halipi. Niliisoma nikiwa nimesimama uani kwa Mama. Miezi minne tangu tukuzike, na ni wao tu wanaokusemesha kama mtu aliye hai. Wao na mimi.

Ulikufa siku mbili kabla ya soko la mifugo la Ndhiwa. Tulikuwa tumekubaliana: unamuuza yule ng'ombe ndume mweusi, nalipa malimbikizo ya miaka miwili niliyokaa na digrii ya saikolojia bila kazi, ofisi ya mikopo inanipa barua kwamba sidaiwi malimbikizo, na hospitali hapa Migori inaniajiri kabisa badala ya kuniweka kibarua. Hakuna aliyejua ila sisi wawili. Ulitaka hivyo. Tangu niitwe chuo kikuu uliwaambia ndugu zako kwamba serikali inanisomesha bure kwa sababu ya akili zangu. Neno mkopo hukulitamka mbele ya mtu.

Basi mdogo wako Ouma alipoingia zizini na kamba, angejuaje? Alisema mzee wa boma hazikwi kwa kuku. Nikamwambia huyo ndume ana kazi nyingine. Akawageukia waombolezaji. "Kazi gani? Anakwenda chuo?" Watu wakacheka. Kisha akanisogelea, akasema kwa upole, "Sema basi, nyathina, mwanangu. Kazi gani?"

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwokoa yule ndume. Ningeisema, ungezikwa ukiitwa mwongo, na jeneza lako liko pale pale, hatua kumi. Nikanyamaza. Mchana nikaletewa sahani ya nyama yake. Nikala, kwa sababu wageni walikuwa wananitazama.

Kazini nawaambia wajane wana haki ya kumkasirikia marehemu. Wanaitikia kwa kichwa, nami nafunga faili. Nilikuwa nasema kitu nisichokijua. Nimekukasirikia, Baba, na hasira hii haina mahali pa kukaa, kwa sababu kila nikikutafuta nakukuta Homa Bay, siku ya kusaini fomu. Uliazima kalamu ya karani, ukaandika jina lako polepole kama mtu anayechora. Halafu ukaninunulia soda mbili, wewe hukunywa hata moja. "Sasa niko kwenye vitabu vya serikali," ukasema, na ulikuwa umefurahi kweli.

Lakini majivuno yako yalimla yule ndume kabla ya wageni.

Mdhamini akifa, fomu inataka mwingine. Nilikwenda kwa Baba Mdogo Ouma, nikamweleza yote: mkopo, ile miaka miwili, soko la Ndhiwa. Alisikiliza mpaka chai yake ikapoa.

"Ungeniambia siku ile," akasema. "Ningechinja wangu."

Hivyo tu. Ningemvuta kando, nikamnong'oneza, yakaisha. Wewe ulinifundisha kunyamaza, na mimi, niliyesomea kuwafungua watu midomo, nilikutii mpaka kaburini.

Hakusaini. Ana wanne sekondari, na sikuweza kumlaumu. Aliyeweka kidole ni Mama. Hakuuliza ni pesa ngapi. Aliuliza kama ule wino hutoka.

Hospitali imeniongezea miezi sita ya kibarua. Kila mwisho wa mwezi naanzia posta, natuma kidogo nilicho nacho, ndipo nakwenda kununua unga. Ni polepole. Nakuahidi jambo moja: hakuna bahasha itakayokuja na jina la Mama juu yake.

Pumzika, Baba. Ouma amewaambia ndugu zako wote. Hakuna hata mmoja aliyekudharau.

Binti yako,
Akinyi