Taa Nyekundu Juu ya Mlango

4 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila hofu tu, nawe unanijua. Masikio yanaendeleaje? Simu nimeacha, nikikupigia unaishia kusema "eeh?" na mimi naishia kulia.

Umeuliza karani anafanya nini maabara. Naandika zamu za watafiti wanaotumia hadubini, na nalinda mlango. Hadubini hii haichunguliwi kwa jicho la mtu. Mwali wa leza, mwembamba kuliko uzi, unapita juu ya seli nukta baada ya nukta, na seli zilizotiwa rangi zinang'aa kidogo sana. Kioo maalumu kinazuia leza na kupitisha ule mng'ao peke yake, hadi kwenye vipokezi vilivyo ndani kabisa. Tunaviita macho. Yanaona mwanga ambao mimi na wewe tungeuita giza. Kwa hiyo mtu akifungua mlango macho yakiwa wazi, mwanga wa korido tu unayaunguza. Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kosa hilo. Mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi.

Juu ya mlango kuna taa nyekundu, naiwasha mimi macho yakiwa wazi. Ikiwaka, haingii mtu, hata mkurugenzi.

Binti yako.

15 Machi

Kunguru wangu mwoga,

Marahaba, mama. Mimi sijambo. Nyumba imekuwa kimya, au pengine ni haya masikio. Juzi jirani alinisalimia, nikamjibu "nimeshakula". Watu walicheka, nami nikacheka nao nisijue tunacheka nini.

Yaani mashine inastahimili leza, halafu taa ya korido inaiua! Hiyo ni shangazi yako kabisa: anavumilia njaa, neno moja havumilii.

Nimeandikiwa kwenda kwa daktari wa masikio huko kwako, Alhamisi ya katikati ya mwezi ujao. Sitakusumbua, nitarudi siku hiyo hiyo. Nataka kukuona tu. Sauti yako imeshanitoka kichwani. Uso bado ninao, lakini nao umeanza kufifia.

Baba yako.

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenifurahisha hadi nimeshindwa kula. Njoo! Panda ghorofa ya kwanza, chumba cha mwisho kwenye korido.

Fundi ameweka kinga mpya: mwanga ukizidi, kilango kidogo mbele ya macho kinajifunga chenyewe kabla hujapepesa. Ananiambia, "Sasa ulale usingizi, dada." Lakini kilango ni chuma, Baba, na chuma nacho huchoka. Tafadhali, taa ikiwaka usifungue. Subiri izime, nitatoka.

Binti yako.

19 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nilikuja Alhamisi. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba masikio hayatarudi. Ndiyo hivyo.

Nilikuta taa inawaka, nikakaa kwenye benchi. Mfagizi alipita akasema kitu, nikamwitikia kwa kichwa. Niliikodolea macho ile taa kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Haikuzima, na basi la jioni halimngoji mtu. Sikutaka ufukuzwe kwa ajili yangu. Kabla ya kuondoka niliweka kiganja mlangoni. Sikufungua, nilitaka tu kujua kama kuna mtu. Ubao ulikuwa unatetemeka kidogo. Nikasema, ndiye.

Usihuzunike. Kazi kwanza.

Baba yako.

26 Aprili

Baba,

Shikamoo. Alhamisi hakukuwa na mtafiti hata mmoja. Macho yalikuwa yamefungwa tangu asubuhi. Nilikuwa ndani peke yangu napiga chapa ratiba, na taa niliiacha inawaka kwa sababu huwa naiacha. Ikiwaka, hakuna wa kuja kukosea.

Meza yangu iko nyuma ya mlango huo. Kilichoutetemesha ni kiyoyozi. Mimi nilikuwa nimetulia, nikikungoja, nikiwaza labda umeghairi safari.

Nimemuuliza mfagizi alikuambia nini. Alikuambia, "Gonga tu, mzee, yumo peke yake."

Likizo sitapata mpaka majaribio yaishe. Njoo tena, Baba, hata kama huna daktari wa kumwona. Ukikuta taa inawaka, gonga. Usingoje jibu, maana hutalisikia. Sukuma mlango uingie. Macho yatajifunga yenyewe. Yasipojifunga, yaungue.

Binti yako.