Papa, Nani Alimtajia Mwezi wa Upepo?

Papa yangu uliye mbali,

Nakusalimu kutoka Goma. Mvua zimerudi, watu wa nyumbani Katoyi ni wazima, na mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia. Wewe ndiye uliyenifundisha kutomwamini mtu haraka, kwa hiyo usishangae barua hii ikiwa na maswali mengi kuliko salamu.

Unakumbuka asubuhi zile za ghubani? Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Ulinishika mkono, tukashuka kati ya mawe meusi ya volkano mpaka kwenye ule mchanga mdogo. Ulikuwa ukisema mchanga ule hauna ndugu upande wetu wa ziwa, maana kwingine ni mawe na kina kirefu tu. Maji yalikufika wewe magotini, mimi kiunoni. "Usisogeze muguu," uliniambia. "Angalia pale." Nikaona duara limechimbwa mchangani, pana kama sahani, na tilapia dume analizunguka akifukuza kila kilichopita. Nilicheka sana kwa sababu alifukuza hata jani.

Ukanieleza pale pale, miguu yetu ikiwa majini. Dume huchimba kiota, jike huja kutaga, kisha jike huokota mayai yote kwa kinywa chake na kwenda kujificha nayo kwenye majani. "Hakulaka kitu, hali hata kidogo," ulisema. "Anafunga kinywa mupaka batoto bapate nguvu." Nikauliza itakuwaje akinaswa. Ukasema atayatema yote kwa hofu, na ndiyo maana wavuvi wetu hawatupi wavu ghubani mvua zinapoanza. Hakuna askari aliyewalazimisha. Walikubaliana wenyewe, na aliyevunja neno hilo hakupata mtu wa kumsaidia kuvuta mtumbwi wake.

Wewe ulikuwa mlinzi wa ghuba. Wavuvi walikuwa mbali ziwani wakivua sambaza, wale dagaa wetu, kazi ya kuangalia viota wakakuachia wewe, na wewe ukanirithisha mimi. Ulinifundisha kwamba samaki hatagi kwa sababu tu amekomaa. Anangoja maji yamruhusu. Mvua za Septemba zikishika, upepo hutulia, maji ya kando hupata joto, majani huota, na vifaranga hupata chakula na mahali pa kujificha. Lakini kiangazini upepo wa kusini hutoka upande wa Bukavu, huvuka ziwa lote bila kizuizi, na kuja kutupiga sisi. Maji hupoa. Mawimbi husawazisha mchanga, na kiota kilichochimbwa leo kesho hakipo. Mtu akiingia ghubani mwezi wa saba ataapa kwamba samaki hajawahi kutaga hapo. "Hii usimwambie kila mutu," ulinionya. Nikaitunza kama siri ya nyumbani.

Mwaka jana ulipopanda gari la Bunagana, ulisema unakwenda kujaribu biashara ya maharage mpakani. Nilikusindikiza. Mizigo yako ilionekana mingi kwa mtu anayekwenda kujaribu, lakini nilikusaidia kuipakia, kwa sababu anayeondoka alikuwa wewe.

Basi sikiliza yaliyotupata. Kuna tajiri mmoja, watu wa pwani wamempa jina la Bwana Mawe, aliyetaka kuijaza ghuba yetu mawe ajenge nyumba yake juu ya maji. Wavuvi walikataa, wakasema hapo ndipo samaki wanapozaa. Akawaomba kwa upole wamwite mkuu wa mtaa aje ajionee. Upole ule ulinitia wasiwasi tangu nilipousikia. Mwezi wa saba, nikiwa Munigi kumhudumia mama mdogo aliyekuwa mgonjwa, wakaenda. Mkuu wa mtaa akavua viatu, akatembea ghubani kutoka upande huu hadi ule, asione kiota hata kimoja. Wavuvi nao walishangaa, maana hakuna kati yao aliyewahi kuangalia viota wakati wa upepo. Niliporudi, malori yalikuwa yanamwaga mawe, na nusu ya mchanga wetu ilikuwa imeshafukiwa.

Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ikanisaidia zaidi. Mvua zilipoanza nikaenda kwa mkuu wa mtaa kila asubuhi mpaka akachoka nami. Akaja. Upande uliobaki tulikuta viota vimejaa, madume wanagombania mipaka kwa sababu nafasi ni ndogo. Mzee wa watu akashika kiuno. "Ah, bon," akasema. "Kumbe bananidanganya." Siku hiyo hiyo akasimamisha malori.

Swali likabaki moja: nani alimwambia Bwana Mawe aje wakati wa upepo? Watu wote wakamtazama baba mdogo. Alikuwa ameonekana akinywa chai na tajiri yule, na anaishi nasi nyumba moja. Mama Neema, yule muuza samaki unayemjua kwa mdomo wake, alikataa hata kumuuzia. "Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona nilipopita, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilimshuku, papa. Nilianza kunyamaza akiingia chumbani. Nilimchunguza viatu kama vina tope la ghubani.

Siku moja akachoka, akasimama mlangoni. "Mutoto ya kaka yangu," aliniambia, "mi nauzaka matela, magodoro tu. Samaki namujua kwenye sahani. Hiyo mwezi yake mi ningeitoa wapi? Chai nilikunywa juu ya vile alitaka matela ya nyumba yake." Nikasema moyoni kwamba mwongo hujitetea vizuri. Lakini usiku wake sikulala sawasawa, maana uso wake haukuwa wa mwongo. Ulikuwa uso wa mtu aliyeumizwa.

Nikarudi kwa mkuu wa mtaa kumwuliza jinsi Bwana Mawe alivyomshawishi. Mzee akacheka. "Alisema twende haraka, mupepo imeanza, muchanga imelala kama kitanda imetandikwa. Nikasema, huyu tajiri anajua kusema!"

Papa, maneno hayo ni yangu.

Nilikuambia wewe peke yako kwenye simu, kabla sijaenda Munigi. Ulikuwa hujapiga muda mrefu, na nilipoona namba yako nilikimbilia uani nisikie vizuri. Hukuuliza habari za nyumba. Uliuliza, "Mupepo imeanza?" Nami kwa furaha nikakujibu kwamba umeanza, na mchanga umelala kama kitanda kilichotandikwa. Nilichagua maneno mazuri ili ujue kwamba nimeishika kazi yako. Ukasema, "Bien, mutoto yangu," ukakata. Nilitembea siku nzima nikitabasamu.

Sijui walikupa nini. Sijui kama walikutisha, au kama huko mpakani mambo yalikubana ukakosa njia. Ningependa uwe umetishwa. Tazama ninachomwombea baba yangu sasa. Nimejaribu kukutafutia udhuru, na kila udhuru naushuku, kwa sababu wewe ulijua kuliko sisi sote kitakachokufa chini ya mawe yale. Nina uchungu nawe, papa, na ninakukumbuka. Mambo hayo mawili yamekataa kutengana.

Tangu wiki jana nimepiga namba yako, haipokelewi. Baba mdogo bado hashuki pwani. Wavuvi wamesema kesho watakaa kikao wamtoe rasmi, asikanyage tena ufukweni. Hajaomba nimtetee. Leo asubuhi alininunulia mandazi kama kawaida, akaweka mezani, akaenda sokoni kwenye magodoro yake.

Kwa hiyo barua hii sitaitia kwenye bahasha. Nitaisoma kesho ufukweni kwa sauti, mbele ya wavuvi, mbele ya Mama Neema, mbele ya mkuu wa mtaa. Baba mdogo nitamwomba akae mbele, nami nitamwomba msamaha kabla sijaanza kusoma. Jina lako nitalitaja lote. Kisha nitampa dereva wa gari la Bunagana nakala akuletee, uipokee baada ya watu wote kuisikia.

Ukiwa na la kujibu, njoo ulijibu ukiwa umesimama mbele yetu. Njoo tu. Mlango wa nyumba sijaufunga, na Mungu akulinde njiani. Wakiniuliza kesho huyo ninayemtaja ni nani kwangu, sitasema ni mtu aliyewahi kuishi hapa. Nitasema ni baba yangu, halafu nitaendelea kusoma.

Ni mimi,
binti yako mkubwa