Moto Niliomba kwa Jirani

Yaya yangu Furaha, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia, wewe na shemeji na Neema mutoto wangu. Mwili iko sawa? Kule Uvira munalala? Huku banasema vita imerudi ku barabara, sijui kama barua itafika. Naipatia mama mumoja wa biashara, anavukaka mupaka pa Rusizi ya kwanza.

Miye niko muzima. Lakini niko na shida, na sitazunguka. Nimechoma miti ya muntu.

Haikuwa kwa kupenda. Huku Mururu, alimeti ya kuwasha moto ikiisha, muntu anaenda kuomba moto kwa jirani. Moto habanyimanaka. Jirani yangu ni mukecuru Verediana, mama muzee, bwana yake alikufa, kama vile miye nilifiwa na mama Neema. Tangu nilitoka kule Uvira nikarudi mu hii inchi ya babu zetu, ni yeye ananipatiaka moto. Ile siku nilitoka kubeba matofali, nikafika kwake na njaa. Akasema nijichukulie mwenyewe ku mafiga, magoti inamuuma. Nikachukua makaa, nikaifunga mu majani kavu, kama vile mama alikuwa anatufundisha kule bondeni. Mu njia upepo ikapanda. Majani ikawaka, ikaniunguza vidole, nikaachilia.

Hapa mvua iko mbali, Yaya. Nyasi ilishika, kisha miti ya mikaliptusi ya Silveri, bwana mwenye magazini ya kuuza vitu kule Kamembe. Nilipiga moto na shati mpaka shati ikaungua.

Batu balikuja mingi, hata bale bananiitaka Mukongomani. Balipiga na matawi, haikuweza. Njo baliingia mu shamba ya muzee Gaspari bila kumuuliza, bakakata migomba yake, bakalalisha ile mibichi juu ya moto. Ikazima. Hakuna nyumba iliungua. Gaspari alisimama, anaangalia ndizi yenye ilikuwa karibu kukomaa, akauliza: "Sasa nani atanilipa, Silveri ao moto?" Batu bakacheka. Miye hapana.

Kesho yake konseye, mwenye kutuongoza huku, akatuita mbele ya bazee ba mulima. Akasema sheria ni hivi: mwenye kuwasha moto analipa yote yenye ilikula, na analipa tena yote yenye iliharibika kwa kuizima. Maana yake miti ya Silveri, migomba ya Gaspari, na pombe ya bale benye kuzima. Akikosa cha kulipa, anafungwa mu kasho, gereza ya komini. Miye niko na jembe na mukeka.

Silveri anajua vile. Akasema moto ilitoka mu jiko ya mukecuru, na mukecuru iko na shamba, shamba ilipe. Kisha akanivuta pembeni. Akaniambia nikisema tu kama yule mama alinipatia moto vibaya, miye naenda nyumbani.

Sikujibu. Nakuambia kweli, Yaya, sikujibu. Niliogopa kasho.

Muzee mumoja akaniuliza nilibeba moto na nini. Nikasema na majani. Huku banabeba mu kipande ya chungu, na majivu juu, hata mutoto anajua. Miye sikujua. Njo Verediana akasimama na fimbo yake, akasema: "Moto ni yangu. Mukitaka shamba, muchukue. Lakini sitaanza kunyima batu moto na huu uzee."

Batatuita tena Jumamosi. Nitasema moto ilitoka mu mukono yangu ikaanguka, si kosa ya mukecuru. Gaspari amekubali nimulimie mpaka migomba ingine izae. Bale benye kuzima banasema pombe itangoja. Inabaki miti.

Yaya, ile mashini ya kushona ya mama Neema. Najua mutoto anajifunza nayo. Umuulize kama tunaweza kuiuzisha. Ni yake, si yangu. Akikataa usimulazimishe, na usimuambie habari ya kasho. Nitaomba konseye aningojee mpaka jibu ifike.

Tangu ile siku nilikuwa nakula mihogo mibichi. Haya ilinizuiya kwenda kuomba moto. Leo asubuhi nikasikia fimbo ku mulango. Ni Verediana, na ile magoti yake, amepanda mulima. Analeta kipande ya chungu, majivu juu. Akaiweka chini, akasema: "Beba hivi, mujinga wewe." Akarudi.

Chungu iko ku mafiga. Naandika hii barua karibu yake.

Unisalimie shemeji, na pasta mwenye alimuzika mama Neema, na mama wa ile nyumba ya nyuma mwenye alininyonyeshea mutoto. Neema umukumbatie. Muniombee Jumamosi.

Ni miye mudogo wako,
Yohana