Pole Niliyompa Bosi

Mama, yeyo wangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Nimepata kazi, Mama. Ni kwenye shamba la maua, Usa River, chumba cha kufungia waridi. Humo ndani kuna baridi kuliko kwetu Oldonyo Sambu alfajiri, kwa hiyo navaa lile sweta lako la kijani. Nilianza kwa majaribio, na wadogo zangu wanaitegemea kazi hii. Bosi wetu anaitwa Anneke, Mholanzi, naye ni mgeni hapa kama mimi.

Wewe ulinilea na pole mdomoni. Ulikuwa unampa pole hata mbuzi aliyejikwaa. Basi siku moja ndoo ya maua ikateleza kwenye toroli, ikammwagia bosi maji viatuni. Mimi nilikuwa upande wa pili kabisa. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule, "Sori, sori." Kumbe yeye akaelewa kwamba nakiri kosa. Akasema nikirudia uzembe ule, majaribio yangu yataishia hapo. Nililia chooni, nikatamani kukupigia simu.

Mama Neema, msimamizi wetu, alimweleza baadaye kwamba pole si kukiri kosa, bila mimi kujua. Mimi nilishaamua kunyamaza. Bosi anapita na mafua, kimya. Anajigonga kwenye meza, kimya. Nilijiona kama mtu asiyelelewa, na iliniuma, kwa sababu aliyenilea ni wewe.

Halafu wiki hii mwiba ukamchoma kidole mbele yangu. Nikang'ata mdomo. Akaniangalia, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Leo hunipi pole?" Chumba kizima kikacheka. Nikampa, pamoja na zile za mafua nilizokuwa nimezimeza.

Naye akacheka, akauliza mbona sweta langu ni kubwa hivyo. Nikamwambia ni la mama yangu, aliyefariki kabla sijaanza kazi hapa. Akaweka maua mezani.

"Pole," akasema.

Hakuuliza nani alikosea. Nililia mbele ya watu wote, Mama, na sikuona aibu.

Jana wameniambia nimepita majaribio, nibaki. Jumamosi nitakuja kupalilia kaburi lako. Nakuahidi wadogo zangu nitawalea vilevile ulivyonilea, na pole mdomoni.

Pumzika sasa. Umeshafika. Pole na safari, yeyo.

Mwanao,
Naserian