Hitima haramu, mpira halali

Jumapili

Andika, Zuhura mjukuu wangu, usinipunguzie neno. Mwenyekiti wa tawi katuzuia kumsomea hitima marehemu dada yangu, eti mafua haya yanaua, watu wasikusanyike. Haya. Jana kaujaza uwanja watu, vijana wa chuo cha ualimu wawachezee mpira wakubwa wake wa chama! Golikipa anakohoa mpaka anashikilia mlingoti, na yeye anapiga makofi. Nikafunga dirisha.

Leo mkewe kaja. "Shikamoo, Bi Mkubwa. Mume wangu hoi kwa homa. Njoo na wenzio mumsomee dua."

"Marahaba. Si mmekataza watu kukusanyika?"

Akalia, maskini.

Basi nnakwenda, udi nshauchukua. Lakini ntaanza na hitima ya dada yangu, humo humo ukumbini mwake, naye aitikie amina.