Dume na Jike wa Dirisha la Eivind

Jumatano, 3 Januari
Digrii ishirini na saba chini ya sifuri. Mlango wa nje umeganda, nimeusukuma kwa nyonga. Siv, muuguzi, kaja na barafu kwenye nyusi. Kakisogeza kitanda cha Eivind, mume wangu, hadi dirishani. Eivind kasema kama ni kufa, asife akitazama kabati. Siv kacheka. Mimi sikucheka.

Mganda wa shayiri wa Krismasi, wa kulisha ndege, bado uko kwenye nguzo. Ndege wawili, dompap, wamekuja — dume wa kifua chekundu, jike wa kijivu. Hawaachani hao. Eivind kawatazama mpaka chai ikapoa. "Umeona, bibie? Anampisha mkewe ale kwanza." Nikamuuliza yeye alinipisha lini.

Alhamisi, 4 Januari
Analalamika haoni ndege, anaona madoa tu. Haya. Maji ya moto, spiriti kidogo yasigande, nikasugua kioo kwa nje hadi vidole vikafa ganzi. Sasa ni kama hakuna kioo. Kafurahi mno.

Jumamosi, 6 Januari
Kishindo dirishani. Nilikuwa jikoni. Eivind alikuwa amelala kwa dawa, afadhali. Nikatoka na ndara — dume yuko kwenye theluji, shingo imelegea, bado ana joto. Nimemshika mpaka akapoa.

Mimi na usafi wangu! Nimemuua.

Ardhi haichimbiki. Nimemfunga kwenye karatasi, nikamweka kwenye friza chini ya matunda ya beri. Kisha nikabandika nyota za karatasi kwenye kioo, jike asije akajigonga naye. Eivind kaamka, kauliza mapambo ya nini tena. Ya mwaka mpya, nikasema.

Jumapili, 7 Januari
Jike kaja peke yake. Kakaa juu ya mganda anaita, anaita. Hakudonoa hata punje.

"Bwana wake yuko wapi?" Eivind kauliza.

"Upande wa pili wa mganda. Humwoni kutoka hapo."

Nimelia bafuni, bomba nimeliacha wazi.

Jumatatu, 8 Januari
Siv kanivuta ukumbini. Kama tuna watoto, kasema, waje sasa. Nikamwambia hatukujaaliwa, tuko wawili tu. Kanishika mkono.

Jumanne, 9 Januari
Baridi ileile. Sina la kuandika.

Jumatano, 10 Januari
Jike leo kala. Muda mrefu, kichwa chini, manyoya yamevimba. Eivind alikuwa macho. Nikaanza kumwambia dume yuko upande wa—

"Acha, Borghild. Nilisikia kishindo."

Kumbe alijua tangu Jumamosi. Kanyamaza kwa ajili yangu, kasema, maana nilikuwa na uso wa mtu aliyechoma nyumba. Nikamwambia ni mimi niliyesafisha kile kioo. Akasema ni yeye aliyeomba kisafishwe. Nampenda mtu huyu hadi naumwa.

Kisha akaniuliza kama yule wa kijivu anakula. Nikasema anakula.

"Na wewe je?"

Nikasema nitakula baadaye. Hataki baadaye. Anataka nilete chakula hapa kitandani, aone mwenyewe.

Basi nimeleta mkate na jibini ya kahawia. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, daftari kwenye goti, naandika ili nisimwangalie. Amegeuza kichwa kutoka dirishani. Ananitazama mimi sasa, kwa yale macho ya kutazamia ndege, hapepesi.

"Tafuna," anasema.

Natafuna. Mkate haushuki. Anangoja nimeze, na mimi naweka kalamu chini, nameze.