Kompyuta na Kisima cha Mama Wanjiku

Mama Nafula mpenzi,

Mko salama na watoto? Huku Eldoret ni mvua na baridi. Wiki tatu tumepima mashamba na kupiga hesabu za mipaka kwa mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono, tukitafuta kinyume cha matriksi, jedwali kubwa la namba. Kompyuta ya Nairobi imezimaliza hesabu hizo kwa dakika nne, ikaonyesha nilikosea: kisima cha Mama Wanjiku, mjane, nilikuwa nimekiweka upande wa jirani.

Nilienda kumwambia. Akanipa uji moto.

"Hiyo mashine ilikiona kisima changu?"

"Hapana, Mama. Ilipiga hesabu tu."

"Na wewe je, uliyepita hapa kila siku?"

Leo nimehamisha kigingi cha mpaka mwenyewe, naye amesimama kando yangu.

Nawakumbatia nyote,
Baba Nafula